Ndumakuwili ndani ya ndoo

"Shikamoo mwalimu. Sisi tuko Lamu upande wa bara, karibu na Hindi. Juzi tulikuwa tunachimba shimo la choo, tulipofika kama kiunoni fundi akatoa na beleshi kitu cha ajabu, urefu wake shibiri moja hivi, rangi kama pinki, mwili mzima una duara duara kama nyungunyungu lakini mgumu na mkavu, mchanga haumgandi. Macho hatuyaoni. Kichwa kama kimechongwa na patasi. Anaenda mbele na anarudi nyuma vilevile bila kugeuka. Wazee wanasema huyu ni ndumakuwili, anauma kwa kichwa na kwa mkia, na akikuuma hufiki hospitali. Fundi amegoma. Mke wangu anataka tumwage mafuta taa shimo zima. Kijana wangu naye alituma klipu kwa grupu la WhatsApp, sasa kuna mtu wa Malindi anasema atamnunua kwa mamilioni lakini kwanza tutume 3,000 za kumpima. Kwa sasa yumo ndani ya ndoo ya mchanga. Ukimweka juu anazama, kichwa anakizungusha huku na huku kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa. Je, ni nyoka? Ana sumu? Tufanyeje?"

Marahaba. Kwanza hiyo 3,000 usitume, nalitanguliza hilo manake mengine yote yanaweza kungoja kidogo lakini hilo mtu akishabonyeza simu limekwisha. Pili, kwa jinsi ulivyomweleza huyo mgeni wako hana sumu, wala kichwa wala mkia, na sababu nitakupa. Tatu, mafuta taa yarudi jikoni.

Sasa tukae tuzungumze taratibu, kwa sababu swali lako ni zuri kuliko unavyodhani na mimi klipu ya kijana wako nimeitazama mara nane, sekunde tisa, nusu yake kidole chake mwenyewe kimeziba kamera.

Tuanze na jina. Wazee hawakulitoa hewani. Ndumakuwili ni neno la zamani, ndiyo hilohilo tunalomwita mtu mnafiki, anayeuma huku na kule, na kabla ya mtu lilikuwa la nyoka anayesemwa ana vichwa viwili. Sasa cha kuchekesha ni kwamba kundi zima la wanyama ambalo nadhani huyo wako yumo, Wayunani nao walikuwa na jina la namna hiyohiyo, amfisbena, maana yake anayekwenda kuwili. Wao wakasema anakwenda kuwili, sisi tukasema anauma kuwili. Wao ndio walipatia. Kwenda mbele na nyuma ni kweli, umejionea mwenyewe kwa ndoo. Kuuma kwa mkia si kweli, mkia hauna mdomo hauna jino hauna mwiba wa sumu, ni mkia tu.

Na si nyoka. Ni mjusi, ila ni mjusi aliyeamua kuishi maisha ya nyungunyungu. Mimi humwita mjusi-nyungunyungu. Duniani wako karibu aina 200, wengi Afrika na Amerika ya Kusini, na karibu wote hawana miguu kabisa, isipokuwa wale wa Mexico wenye vijimikono viwili vya mbele vya kuchimbia, ukiwaona utacheka. Ukimpasua ndani ndio utajua hana udugu wa karibu na nyoka, maana nyoka pafu lake la kushoto ndilo lililosinyaa au halipo, na huyu ni la kulia. Yaani kila mmoja alipojinyoosha mwili akawa mwembamba ilibidi apunguze pafu moja, na kila mmoja akapunguza la upande wake.

Zile duara ulizoziona ndizo siri yake. Mjusi wa kawaida, hata yule mjusi kafiri wa ukutani kwako, magamba yake yamepangwa kivyake. Huyu magamba yamepangwa pete kwa pete kuzunguka mwili, kama pingili za muwa, na ngozi haijashikana sana na nyama ya ndani. Fikiria mkono ndani ya mkono wa kanzu pana. Misuli inaivuta ngozi mbele kwanza, ngozi inashika ukuta wa tundu, halafu mwili unateleza ndani ya ngozi unafuata. Akitaka kurudi nyuma ni mchezo uleule kinyumenyume. Ndani ya tundu jembamba kama kidole hakuna nafasi ya kupiga kona, kwa hiyo mnyama asiyeweza kurudi nyuma huko chini atakufa na njaa yake. Hapo sasa ndumakuwili si unafiki tena, ni akili.

Macho anayo, yako chini ya gamba, utaona kama kidoa cheusi au usione kitu, kazi yake kutofautisha mwanga na giza basi. Tundu la sikio halipo kwa nje. Lakini si kiziwi. Wengi wa jamii hii wana kijiti kinachotoka kwenye sikio la ndani kinakuja mbele mpaka kwenye magamba ya pembeni ya mdomo, kwa hiyo mchwa akitembea kwenye mchanga yeye anamsikia kwa shavu. Mdomo wa chini umeingia ndani ya ule wa juu ili akichimba asijaze mchanga kinywani. Na meno anayo ya kweli, makali kwa saizi yake, jino moja la juu liko katikati kabisa. Ukimbinya anaweza kukufinya kidole, nimefinywa mimi, inauma kama kubanwa na kibanio cha nguo halafu imeisha. Hakuna sumu hapo. Anakula mchwa, mabuu, siafu, vidudu vya shambani.

Sasa kilichonifanya nitazame klipu mara nane ni kile kichwa cha patasi na kile kuzungusha. Hawa wanyama hawachimbi namna moja. Wapo wenye kichwa cha duara, wanasukuma tu kama msumari. Wapo wenye kichwa bapa kama koleo, wanakita chini halafu wananyanyua juu. Wapo wenye kichwa kilichobanwa kama mkuku wa jahazi, wanapiga kulia na kushoto. Na wapo wachache ambao uso umekatwa wima una kingo kali, na wao wanakizungusha kichwa huku na huku kama ulivyosema, kifuniko cha chupa, wanakwangua mchanga na kuushindilia kwenye ukuta wa tundu kwa wakati mmoja. Ukimwona fundi wa milango pale Mkomani anavyoizungusha patasi mkononi akisafisha kona ya nakshi, ni vilevile. Mwili wa hawa wachache hata si duara kamili, ukiukata una pembe pembe kama pembetatu, na hiyo ina sababu, manake mwili wa duara ukizungusha kichwa na kiwiliwili nacho kingezunguka bure ndani ya tundu kama skrubu iliyolegea.

Katika upande huu wa Afrika anayechimba hivyo ni jamii ya Agamodon. Na mmoja wao, Agamodon anguliceps, unajua alipatikana wapi? Barawa, kule Somalia. Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Berlin, Wilhelm Peters, ndiye aliyemwandika kitaalamu mara ya kwanza 1882, na kwenye kichwa cha habari chenyewe akaandika ametoka Barava, na kwamba meno yake yameota yakashikana na mfupa wa taya. Barawa hiyohiyo ya watu wa Chimwiini, Kiswahili chao cha kule, ambao wajukuu zao unawajua mpaka Lamu na Mombasa. Pwani ni moja, mchanga ni mmoja, mpaka wa Somalia ni mstari wa watu, mjusi hauoni. Mtaalamu mmoja Mmarekani, Carl Gans, aliwafuatilia hawa kwa miaka mingi, na wanaowajua wanasema mchana mchanga ukiwaka wanashuka chini na usiku ukipoa wanapanda karibu na juu, kwa hiyo watu wanaweza kukaa nao karne nzima uwanjani na wasionane nao hata siku moja, mpaka mtu achimbe choo.

Lakini tulia, sijasema ni yeye. Kenya hii mjusi-nyungunyungu mwenye rekodi ya wazi ni wa Voi, Geocalamus acutus, aliandikwa 1912, anaishi upande wa Tsavo mpaka kaskazini ya Tanzania, na yeye pua yake imechongoka kama kabari. Kutoka klipu ya sekunde tisa siwezi kukuapia ni yupi. Nina sababu ya kuogopa. Miaka ya nyuma nikiwa kijana na mdomo mrefu nilisimama mbele ya wazee wa kijiji kimoja nyuma ya Malindi nikawahutubia robo saa kuhusu mjusi adimu waliyempata, halafu mzee mmoja akaniomba miwani yangu, akamtazama, akaniuliza mbona huyu hana pete. Alikuwa nyoka kipofu wa kawaida kabisa wa kwenye vyungu vya maua. Tangu siku hiyo nahesabu pete kwanza.

Kwa hiyo na wewe hesabu pete, na uwaondoe wengine wanaofanana naye. Nyoka kipofu anang'aa kama aliyepakwa mafuta ya nazi, magamba laini hayana pete, macho ni vidoa viwili vyeusi, mkiani ana kijimwiba kidogo. Yule wa vyungu vya maua hafiki hata shibiri, mweusi, na wote ni majike, wanazaa bila dume, ndiyo maana ameenea dunia nzima ndani ya udongo wa miche. Hana madhara.

Mwingine ni ndugu yake chura. Ndiyo, chura. Wapo amfibia wasio na miguu, wana pete na wao, lakini wao wanateleza, wanatoa ute na wakikauka wanakufa. Upande wenu yuko mmoja wa eneo la mto Tana, Boulengerula denhardti, naye aliandikwa 1912, na hilo jina Denhardt watu wa Witu mnalijua, si ndio wale ndugu wawili Wajerumani waliokuja kufanya mikataba na Sultani Ahmed mwaka 1885. Huyo ndugu wa chura akitoka kwenye udongo mkavu kiuno kizima ningeshangaa, na wewe umesema ni mkavu mchanga haumgandi, kwa hiyo namtoa. Ila siwezi kumpita bila kukwambia habari ya binamu yake wa vilima vya Taita, yule mama ngozi yake inanenepa wakati wa kulea inajaa mafuta, na watoto wanaikwangua na kuila, yeye amelala tu anawaachia. Watafiti waliitangaza 2006. Mimi niliposoma nilimpigia mama yangu simu.

Yuko na chatu mdogo wa mchangani, mnene, mabaka ya rangi ya chungwa na kahawia, mkia butu. Nadhani huyu ndiye aliyewapa wazee picha ya vichwa viwili kuliko mwingine yeyote, maana mkia wake kweli ukiutazama haraka utadhani ni kichwa. Hana sumu pia.

Sasa sikiliza hapa, na mwite fundi asikilize. Kuna mmoja chini ya ardhi ambaye ana sumu, na huyo hafanani na ndumakuwili hata kidogo, anafanana na nyoka mdogo wa kawaida asiye na habari. Mweusi au kahawia iliyokoza, anang'aa, kichwa kidogo hakina shingo, macho madogo mno, mkia mfupi umeishia ncha. Kitaalamu Atractaspis. Huyu meno yake ya sumu ni marefu na yanatoka pembeni ya mdomo hata mdomo ukiwa umefungwa, anakudunga kwa kupeleka kichwa nyuma na pembeni. Ndiyo maana ile mbinu ya vijana ya kumshika nyoka nyuma ya kichwa, kwa huyu haifanyi kazi, umemshika vizuri kabisa kama kwenye televisheni na bado amekudunga kidole. Maumivu makali, uvimbe, malengelenge, nyama inaweza kuoza mpaka kidole kikatwe. Na dawa ya kuzuia sumu inayotumika Afrika haimwezi huyu, hospitali watatibu maumivu na kidonda. Anatoka zaidi mvua zikinyesha, na anatoka mashimoni mkichimba.

Kwa hiyo woga wa fundi si wa kijinga, umeelekezwa kwa asiyehusika. Mwambie avae buti na glovu za ngozi, asitoe udongo kwa mikono mitupu, asubuhi kabla hajaingia shimoni amulike kwanza. Akiona cheusi kinachong'aa, awe ni nani, asiguse, atoe na beleshi la mpini mrefu. Na mtu akidungwa na chochote mlichochimba na hamkijui, toa pete na saa mkononi kabla mkono haujavimba, msichanje, msifunge kamba, msitumie jiwe la nyoka, msingoje kuona kama itapoa, mpelekeni hospitali. Mtoto ndio usicheleweshe hata dakika.

Mafuta taa. Mama watoto mwambie namwelewa, lakini shimo lenu ni la mchanga, na mchanga haushiki kitu, utamwaga leo utakunywa baadaye, hasa kama kisima hakiko mbali. Watu wa Lamu mjini wanajua kwa nini kelele zinapigwa mtu akitaka kujenga kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ni kwa sababu maji yao ya kunywa yamekaa mlemle chini. Halafu shimo la choo lenye mafuta, mtu akiingia na sigara ndani yake, hilo sihitaji kulieleza. Dawa ya mchwa nayo ni hivyohivyo. Na huyo mnyama ndiye anayekula mchwa, mngekuwa mnamfukuza askari.

Huyo mnunuzi sasa. Hadithi ya nyoka wa vichwa viwili wa mamilioni nimeisikia kwa sura nyingi, mara anatakiwa Uarabuni, mara ana madini kichwani, mara apimwe na sumaku. Kila mara kuna pesa ndogo unatangulizwa utoe, ya kumpima, ya gari, ya daktari, na kila ukitoa inakuja nyingine. Na hata kama mnunuzi angekuwa wa kweli, kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 kufanya biashara ya mnyama pori bila kibali ni kosa, na wa kushikwa ni wewe mwenye ndoo, si yeye mwenye simu. Kijana aifute ile klipu kwenye grupu, au angalau asiseme mko wapi, maana watakuja wengine na majembe.

Kwa huyo aliye ndani ya ndoo, mtoe juani kwanza, muweke kivulini, mchanga uwe na unyevu kidogo usiwe tope. Halafu mnipigie picha zinazofaa, kwa mchana, kidole kisiwe mbele ya kamera. Nataka kichwa kwa ubavu, kichwa kwa juu, mkia kwa ubavu na kwa chini, na mwili mzima ukiwa umelala kando ya kitu cha kupimia, rula kama ipo, la sivyo kiberiti. Tumia kijiko cha mti kumgeuza. Video moja akizama mchangani, hiyo muhimu kuliko zote, sitaki muziki juu yake. Andika na kina mlichompata, na udongo ulikuwaje, na pini ya mahali kwenye ramani, lakini hiyo nitumie mimi peke yangu.

Picha zikiisha, jioni jua likishapungua mrudisheni palepale karibu na shimo, hatua kumi ishirini, mahali penye kivuli na majani yaliyooza au lundo la makumbi ya nazi. Msimpeleke msitu wa mbali mkidhani mnamfadhili, huko hana tundu. Akiwa amekufa kwa bahati mbaya, au mkipata mwingine aliyekatwa na beleshi, msimtupe, mtieni kwenye chupa yenye spiriti, mwandikie karatasi ya tarehe na mahali kwa penseli manake wino utayeyuka, mpige simu makumbusho pale Lamu, ni tawi la Makumbusho ya Taifa, waombeni wawaunganishe na kitengo cha nyoka na vyura Nairobi. Ofisi ya KWS, wale wa wanyamapori, nayo iambiwe. Na mkikutana na yule mweusi anayeng'aa akaingia ndani ya nyumba, usijifanye shujaa, uliza watu wa Bio-Ken pale Watamu, kituo alichokianzisha marehemu James Ashe mwaka 1980, nyoka ndiyo kazi yao kila siku, hata kwa simu watakwambia kama ni wa kukimbia au ni wa kuacha apite.

Kitu kimoja kimebaki sijakuuliza. Mkia hukuutaja sana. Ni mfupi umechongoka na kuinamia chini, au ni butu kama kidole gumba? Na kama kuna mtu alimwona akiutumia kujikita mchangani wakati kichwa kinazunguka, niambie, manake hapo nitapanda basi la asubuhi kuja huko mwenyewe kabla hamjamrudisha.